Mlangilangi: ukate kilele mapema

Ukipita mitaa ya Tanga alfajiri, harufu ya langilangi hukufikia kabla hujauona mti wenyewe. Inua macho: maua yako juu ya paa. Mwenye nyumba akiyataka kwa kikuba, kishada cha kunukia wanachovaa wanawake, au kwa chumba cha bibi harusi, humtuma mtoto apande. Jambo hili linanitia hofu, kwani tawi la mlangilangi ni jepesi kuvunjika, halifai kubeba mtu.

Asili ya mti huu ni Asia ya Kusini-Mashariki, na ni wa ukoo mmoja na mstafeli na mkilua wetu. Hauishiwi majani, na ukiachwa hupita mita 15. Wangu wa kwanza niliuacha. Kusi la Julai likaangusha tawi juu ya bati la jikoni.

Mbegu chukua katika tunda lililoiva likawa jeusi. Osha, anika kivulini, hifadhi miezi kadhaa. Mbegu mbichi huota kwa kusuasua. Otesha kwenye viriba virefu, maana mzizi mkuu hushuka upesi, na ukikatika au ukijikunja mche hudumaa. Mche ukifika futi moja, uhamishe masika yanapoanza, mwezi Machi. Wa vuli nao hushika, ila jiandae kubeba ndoo Januari na Februari. Chagua penye jua la kutosha na udongo wenye kina, pasipotuama maji, mita sita au zaidi kutoka ukutani na mbali na nyaya za umeme. Changanya samadi iliyooza na udongo wa juu, kisha tandaza makumbi ya nazi bila kugusa shina.

Sasa kisu. Mti ukivuka kimo cha mtu, kwa kawaida katika mwaka wa pili, kata kilele kwenye mita mbili hivi. Wengi huona huruma hapa, nami nilikuwa hivyo. Lakini mti uliokatwa hutanua matawi ya pembeni, na maua hutoka huko. Matawi hayo yavute chini taratibu kwa kamba ya katani iliyofungwa kwenye vigingi, kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Ukivuta kwa siku moja utayavunja. Machipukizi yanayosimama wima yaondoe kila yanapotokea. Wakulima wa Komoro, wanaouza mafuta ya langilangi, huitunza miti yao hivyo hivyo, ikawa mifupi yenye matawi yaliyoinama.

Maua ya kwanza huonekana kati ya mwaka wa pili na wa tatu. Usikimbilie ya kijani, hayajakomaa harufu. Subiri petali ziwe za manjano na pale zinaposhikana patokeze wekundu kidogo. Chuma alfajiri kabla jua halijapanda, ukiwa umesimama chini, na uyaweke kwenye ungo bila kuyashindilia. Petali iliyochubuka hubadilika kuwa nyeusi kabla ya adhuhuri.