Jinsi ya kuona seli zikirefusha na kupinda shina la maharagwe, kwa uzi na wino tu

Wanafunzi wangu wa biolojia hapa Kisumu wengi huamini shina linarefuka kwa sababu seli zinagawanyika zikawa nyingi, basi. Kugawanyika kupo, lakini kwa mche wa maharagwe kazi kubwa hufanywa na seli zilizopo kurefuka, na hiyo utaiona nyumbani.

1. Nunua maharagwe soko la Kibuye ama dukani, yasiwe ya mbegu yaliyopakwa dawa. Loweka usiku mmoja, weka kwa kikombe chenye pamba yenye unyevu. Kwa joto letu, baada ya siku nne tano hivi shina linatoka likiwa limejikunja juu kama ndoano. Anza hapo, usingoje majani yafunguke.

2. Chora mistari. Usitumie biro, mimi nilianza nayo ikakwaruza ngozi na shina likapinda pale penye kidonda, vipimo vyote vikaharibika. Chukua uzi wa kushona, chovya kwa wino, futa ziada, zungusha kwa shina taratibu kila milimita 2 kutoka chini ya ndoano kushuka.

3. Funika na katoni hadi kesho halafu pima tena nafasi kati ya mistari. Ya chini iko vilevile milimita 2, ile ya karibu na ndoano imeachana mara mbili ama zaidi, na ukiangalia kwa karibu utaona mstari wenyewe umefifia ukawa vidoti vidoti, kwa sababu ngozi iliyobeba wino imevutika.

Hapa ndio penye utamu. Seli ikirefuka, ukuta wake umelegea na maji yanaingia kwa vakuoli (mfuko wa maji ulio ndani ya seli) yakiusukuma kutoka ndani, lakini nyuzi za selulosi zimeuzunguka kama pete za pipa, kwa hivyo kunenepa inashindwa, inabaki kwenda juu tu. Umbo la shina zima linatoka kwa hizo pete.

4. Sasa laza kikombe kwa ubavu ndani ya katoni, ulale. Asubuhi shina limeinuka lenyewe. Pima mistari pande zote mbili za kona: upande uliotazama chini umeachana zaidi, kwa sababu homoni ya oksini hujikusanya huko na seli za huko zikarefuka kuliko za juu. Mwanasayansi Charles Darwin na mwanawe Francis walichapisha mwaka 1880 majaribio yao ya mimea kupinda hivi, na bado mtu anaweza kuyafuata jikoni kwake.

5. Ukipata maikroskopu, weka rula ya plastiki chini ya lenzi ya 4 (inayokuza mara 4), soma upana wa duara unaloliona, gawanya kwa 2.5 ndio upate upana wa lenzi ya 10. Bandua ngozi ya chini ya shina na ya karibu na ndoano, tone la iodini kila moja, hesabu seli zilizopangana kwa urefu ndani ya duara la lenzi ya 10, halafu gawanya upana wake kwa idadi hiyo upate urefu wa seli moja. Chini utahesabu chache, kila moja ndefu. Karibu na ndoano nyingi na fupi. Ngozi ya ndoano hukatika haraka sana, kwa hivyo anza na ya chini mkono uzoee wembe.