Jinsi ya kuchora lojiki modeli ya mradi wa afya na kuirekebisha kazi ikiwa inaendelea

Wengi tunachoraga lojiki modeli (mchoro unaoonyesha rasilimali na shughuli za mradi zitaleta vipi matokeo) kwa ajili ya prapozo, pesa ikishaingia inalala kwenye faili. Naomba ya kwako uibandike ukutani. Nitatumia mfano wa wajawazito kuanza kliniki mapema, kazi niliyoifanya mwenyewe. WHO toka 2016 inashauri mahudhurio 8, la kwanza ndani ya wiki 12, na dozi za SP, dawa ya kukinga malaria, zinaanza wiki ya 13 kwa kupishana angalau mwezi, kwa hiyo mama akija na mimba ya wiki 26 dozi kadhaa ameshazikosa na hazirudi.

Hatua ya 1: Anza na mwisho. Kulia kabisa kwenye flipchati andika badiliko kwa mama. "Mama anaanza kliniki kabla ya wiki 12" hayo ni matokeo. "Wahudumu wamepewa semina" sio matokeo, hilo ni zao la kazi yako tu.

Hatua ya 2: Rudi kushoto ukijiuliza, ili hili litokee nini kitangulie? Mama ajue ana mimba, aone faida ya kuwahi, afike, apokelewe vizuri. Alafu shughuli, alafu rasilimali. Nusu siku inatosha, ila usichore peke yako ofisini, muite nesi wa RCH (kliniki ya mama na mtoto) na mhudumu wa afya ngazi ya jamii.

Hatua ya 3: Chora mishale ya kuunganisha kila kitu na kinachokifuata. Hapa tulia kabisa. Kila mshale ni kitu unachoamini tu, bado hujakithibitisha, kwa hiyo juu yake andika kwa peni nyekundu "itawezekana ikiwa..." Sisi kati ya "mama anajua" na "mama anakuja" hatukuandika chochote, tuliona ni wazi.

Hatua ya 4: Kila mshale upe namba moja ya kuangalia kila mwezi, ikiwezekana itoke kwenye rejista za MTUHA (mfumo wa taarifa za afya) zilizopo kituoni, usimwongezee nesi fomu nyingine.

Hatua ya 5: Namba zikigoma usikimbilie kuongeza nguvu. Kwetu miezi mitatu nyumba zilitembelewa zote, ila kwenye rejista akina mama bado wanaanza na wiki 20, 22, 24, na kikaoni wazo la kwanza likawa tuongeze semina. Tukasimama ukutani tukapita mshale mmoja mmoja, ule mtupu ukatupeleka kuwauliza wenyewe. Mama mmoja akafungua pindo la kanga akatoa karatasi imekunjwa mara nne, barua ya mwenyekiti wa kijiji kuthibitisha kwamba hana mwenza wa kuja naye kupima VVU. Aliisubiri wiki tatu. Yaani elimu alikuwa nayo siku zote, kilichomzuia ni mlango, na iliniuma sana. Tukapunguza semina, tukakaa na mganga mfawidhi na wenyeviti wakakubaliana asiye na mwenza apokelewe bila barua. Shughuli ilibadilika, matokeo hatukuyagusa.

Hatua ya 6: Toleo la zamani lipige picha, jipya liandike tarehe na sababu ya badiliko kwa sentensi moja, alafu mjulishe mfadhili kabla hujahamisha hela ya semina.