Namna ya kuweka nondo kwenye maungio ya barabara ya zege

Bamba la zege halitulii: husinyaa likikauka, hutanuka jua likilipiga, na lenye urefu wa mita 5 hubadilika kwa takriban milimita 1 joto lake likipanda au kushuka kwa nyuzi 20. Kwa hiyo nondo inayovuka ungio la kukingama, yaani lile linalokatiza barabara kwa upana, inatakiwa iliache bamba liteleze kwa urefu, lakini isiliruhusu kuzama peke yake. Pasipo nondo hiyo, basi lililojaa, mfano wa yale ya mwendokasi kwenye njia za zege za Dar es Salaam, hubonyeza ukingo wa bamba moja huku la jirani likibaki juu, maji yaliyo chini hurushwa nje pamoja na udongo, na hatimaye ungio hugeuka ngazi.

Kwa bamba la unene wa milimita 250, nondo laini za mviringo za milimita 32, zenye urefu wa milimita 450 na kupangwa kila milimita 300, ni kipimo cha kawaida. Zikatwe kwa msumeno, kwa sababu mkasi wa nondo huacha ncha iliyovimba ambayo hukwama ndani ya zege. Zilaze juu ya viti vya chuma vilivyokazwa chini, katikati ya unene wa bamba, kisha ukague kila moja kwa kamba na pima maji kabla zege halijamwagwa. Nondo zilizokwenda upande hufunga ungio, na bamba likishindwa kuteleza hupasuka pembeni yake. Paka grisi nyembamba tu, maana grisi nene huacha uwazi ambamo nondo hucheza kila gurudumu linapopita.

Ungio la urefu, baina ya njia mbili, ni habari nyingine: hapo huwekwa nondo zenye mbavu zinazoshika zege, nyembamba zaidi na zisizo na grisi, ili njia zisiachane. Kuzibadilisha nafasi aina hizi mbili ni kosa lisilorekebishika bila kuvunja zege.

Kabla ya kumwaga, tia alama kwenye fremu za pembeni palipo katikati ya nondo, kwa kuwa zikishafunikwa hakuna atakayeziona. Zege likiweza kukatwa bila kokoto kung'oka, kwa kawaida saa 4 hadi 12 baada ya kumwagwa, fuata alama hizo na ukate robo hadi theluthi ya unene, ili ufa wa ungio ufuate mstari huo.