Namna ya Kulinganisha Sera za Jamii za Ulaya

Mwanafunzi wa Mombasa anayetaka kulinganisha sera za jamii za Ulaya na aanze na swali moja dogo: mfanyakazi akiugua, matibabu yake hulipiwa na nani? Nchi mbili zatosha. Ujerumani ilianzisha bima ya ugonjwa mwaka 1883 kwa michango ya waajiri na wafanyakazi. Uingereza ilianzisha huduma ya afya ya taifa mwaka 1948, ikigharimiwa hasa na kodi.

Usiyaamini upesi majedwali yanayolinganisha nchi. Denmark na Sweden hazina kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na sheria, na anayeiona nafasi yao tupu kwenye jedwali hudhani wafanyakazi hawana kinga, ilhali mishahara hupangwa kwa mikataba kati ya vyama vya wafanyakazi na waajiri, jambo ambalo aliyelelewa na mfanyakazi wa bandari ya Kilindini hulielewa mara moja.