Somo: Kuonja mbio za saa, kundi, vumbi na milima kwa baiskeli uliyonayo

Wakuu, tangu mbio za baiskeli za ubingwa wa dunia zifanyike Kigali Septemba 2025, kila wiki napata ujumbe uleule: "Nami nataka kushindana, nianzie wapi?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka. Naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa. Mimi ni mtu wa ofisini, Arusha. Naendesha alfajiri na Jumamosi tu, na aina zote nne nimeshashiriki.

Hatua ya 1. Usinunue baiskeli mpya. Fremu isiwe na ufa, breki zishike, basi.

Hatua ya 2. Helmeti. Bila hiyo hupangwi.

Hatua ya 3. Mbio dhidi ya saa. Anzia hapa, kwa sababu uko peke yako na hakuna wa kukuangusha. Tafuta kilomita 10 zenye magari machache, pima muda, rudia baada ya wiki 2. Kosa la kila mgeni ni kutoka kwa fujo: dakika mbili za mwanzo anajiona simba, ya sita miguu imekuwa kuni.

Hatua ya 4. Kundi. Ukijibanza nyuma ya mwenzako unaokoa karibu theluthi ya nguvu. Gurudumu lako la mbele lisiingie ubavuni mwa gurudumu lake la nyuma. Akiyumba kidogo, wewe ndiye unayelala chini. Jifunze na watu wanne kwanza. Na ukiachwa usilie: mbio za wanaume Kigali zilikuwa kilomita 267.5, na waliomaliza ni 30 tu.

Hatua ya 5. Vumbi na changarawe. Hapa someni polepole, maana ndipo nilipoharibu. Shindano langu la kwanza nilifunga matairi ya milimita 40 yasiyotumia tyubu, yenye dawa ya kuziba ndani, nikajaza upepo psi 60 (psi ni kipimo cha presha ya tairi) kwa mazoea ya lami. Barabara ilikuwa na makunyanzi kama bati. Baiskeli ikadunda mpaka chupa ya maji ikaruka. Kilomita ya 38 jiwe likachana tairi ubavuni na dawa ikamwagika yote. Nikaweka tyubu, nikajaza, nikaondoka. Mita 200, pancha. Tyubu ya pili, pancha tena. Nikalivua tairi na kulipindua juani: ndani kulikuwa na ncha 11 za miiba ya mgunga, fupi kama ndevu za siku mbili. Dawa ilikuwa inaziba kila tundu miezi yote hiyo nami sijui. Tyubu ilipoingia, zote zikaichoma. Nilitembea kilomita 9 nikisukuma baiskeli.

Kwa hiyo:

– Kabla ya kuweka tyubu, pitisha kitambaa ndani ya tairi lote. Kikinasa, ng'oa mwiba kwa koleo. Usitumie kidole kitupu.

– Mtu wa kilo 70 kwenye tairi la milimita 40 aanze na psi 35, ashuke mbili mbili. Ukihisi rimu (duara gumu linaloshika tairi) inagonga mawe, panda tatu, baki hapo.

– Kama rimu yako haina midomo ya kunasa tairi, USIVUKE psi 72. Tairi linaweza kuchomoka ukiwa mwendoni.

– Dawa hukauka. Kwa joto letu, ikague kila baada ya miezi 2.

– Usifunge tairi jipya usiku wa kuamkia mbio.

Hatua ya 6. Milima. Shusha kiti kwenye mteremko, tazama unakotaka kupita, si jiwe unaloliogopa.

MASWALI

Mdau, Mwanza: Mkuu, psi ngapi?

— Hatua ya 5.

Mdau, Mwanza: Ya tairi la mbele au la nyuma?

— Hilo sasa ni swali. Nyuma ndiko uzito uliko, kwa hiyo mbele punguza 2.

Mdau, Dodoma: Haya ya tairi bila tyubu ni ya wenye hela. Unatukatisha tamaa.

— Hakuna mahali nimesema ununue. Soma hatua ya 1. Tyubu zinafaa kabisa: ongeza psi 6 hivi ili rimu isiibane tyubu kwenye jiwe, beba mbili na viraka. Nilivyoanza nilikuwa hivyohivyo.

Mdau, Moshi: Kaka, shikamoo. Nisichoelewa: tairi gumu si ndilo linalokimbia? Kwa nini presha ndogo iwe na kasi kwenye vumbi?

— Marahaba, dada, asante kwa kuuliza. Tairi gumu likikuta kokoto linakunyanyua wewe na baiskeli nzima. Nguvu uliyoiweka kwenda mbele imekwenda juu, kisha mwili wako unaimeza kwa kutikisika. Tairi laini linaikunja kokoto ndani yake na kupita. Usiniamini mimi: tafuta mteremko wa vumbi, shuka bila kukanyaga pedali ukiwa na psi 60, weka alama unaposimama. Rudia na 35. Kwenye lami laini mambo ni mengine.

Mdau, Nairobi: Ndoto yangu ni Migration Gravel Race, mbio za changarawe kule Maasai Mara, Kenya. Siku 4, kilomita kama 650. Unakula nini njiani?

— Gramu 60 za wanga kwa saa, kabla njaa haijabisha hodi. Ndizi mbivu moja ina kama 25, kwa hiyo mbili kila saa, na maji yenye sukari na chumvi kidogo. Zoeza tumbo nyumbani kwanza.

Mdau, Iringa: Kwa lile tairi lako lililochanika: kata kipande cha pakiti ya maziwa, kiweke kati ya tairi na tyubu. Kimenifikisha nyumbani mara mbili.

— Hii naichukua. Nikija kuandika upya, inaingia hatua ya 5.

Mdau, Iringa: Na ukifika mjini mpe fundi viatu alishone kwa uzi wa nailoni, kiraka kwa ndani. Langu lina mwaka sasa.

— Mishono ilipita mara moja au mbili? Lile langu bado lipo stoo. Jumamosi nalipeleka.