Malindi mpaka Lamu kwa gari msimu wa demani: panga hivi

Wengi wakisikia Malindi kwenda Lamu ni kama kilomita 220 hivi na siku hizi ni lami mpaka Mokowe kwenye gati la boti za kwenda kisiwani, wanasema aah hiyo ni masaa matatu tu, wanatoka saa sita mchana na watoto na kamera za mapicha. Hapana jamani. Safari hii haipangwi kwa kilomita, inapangwa kwa jua.

Kwanza msimu. Demani, yaani mwezi wa tisa kuingia wa kumi, ndio mtamu, upepo wa kusi umeshalegea, joto halijapanda sana na mvua za vuli bado. Ukichelewa mpaka Novemba unabahatisha, manake Mto Tana ukijaa unapanda barabarani, mwisho wa 2023 ile El Niño ilikata njia watu wakakwama huku na huku. Kwa hivyo hata kama mbingu ni safi Malindi, uliza mvua ya bara kwanza, maji ya Tana yanatoka Mlima Kenya na Aberdare huko, hayakuulizi wewe uko wapi.

Sasa kuna sehemu mbili zinagombania muda. Marafa, lile bonde la mchanga wa rangi wanaloliita Nyari, inataka jioni, na barabara ya Lamu inataka asubuhi. Usizibane siku moja. Siku ya kwanza iwe ya Marafa: toka Malindi baada ya chakula cha mchana, vuka daraja la Sabaki, ukiwa na muda simama Mambrui uone kaburi la mnara lililokuwa limepambwa kwa sahani za Kichina, halafu panda juu ufike kama saa kumi. Ule mchanga mweupe, wa waridi, wa chungwa mpaka mwekundu unawaka jua likianza kuinama, saa saba mchana ni joto tu na picha zimefifia. Chukua kijana wa pale akutembeze, atakupa na ile hadithi ya matajiri waliokuwa wanaoga maziwa mpaka Mungu akawazamisha, mimi naipenda kila nikiisikia. Shuka bondeni na viatu vya maana, si patipati. Usiku rudi ulale Mambrui au Malindi.

Siku ya pili ndo kazi. Jaza tangi Malindi kabisa, angalia spea na jeki, chukua maji mengi, na keshi pia, netiweki ikikataa M-Pesa haitakusaidia. Kitambulisho kila mtu awe nacho mkononi, si ndani ya begi chini ya mabegi mengine, vizuizi vya polisi ni vingi na wanaangalia kweli. Na hapa nisifiche, kipande cha Garsen kuelekea Witu na Hindi kimewahi kushambuliwa mara kadhaa, ndo maana kuna askari na wakati mwingine magari hupangwa msafara. Siku moja kabla pigia mtu aliyeko Lamu, au ongea na madereva wa mabasi pale stendi, hao ndio wanajua hali ya leo. Wakikwambia subiri, subiri. Usiku usipite kabisa.

Toka saa kumi na mbili asubuhi, mahamri na mbaazi beba kwenye kontena mle njiani. Gongoni utaona chumvi nyeupe imerundikwa pembeni, na upande wa bahari kule Ngomeni ndiko Waitaliano walikuwa wanarushia setilaiti, ile ya Uhuru iliruka hapo 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri. Usiingie, pita tu, utakula muda. Mbele ni tambarare, ng'ombe wa Waorma barabarani, punguza mwendo na usiwapigie honi, watasonga wenyewe wakitaka. Karibu na Garsen barabara ya Lamu inakata kulia.

Witu wengi wanapita wakiangalia simu, na mji huo ulikuwa na sultani wake na Wajerumani waliulinda 1885 mpaka 1890. Nunua maembe kama yameanza, basi.

Kituo kirefu kiwe Mpeketoni, Ziwa Kenyatta. Maji yasiyo ya chumvi karibu hivyo na bahari, ndege kibao, viboko. Tafuta mwenyeji akupeleke, na usisogee ukingoni peke yako, kiboko akiwa nchi kavu anataka njia yake ya majini na wewe usiwe katikati. Kiangazi kikizidi ziwa linasinyaa vibaya kwa hivyo uliza kabla ya kukata kona. Saa moja inatosha, mkikaa sana mtafika Mokowe giza.

Mokowe gari linabaki, kisiwani ni punda na boti. Patana bei ya kulilinda mapema, piga picha gari lilivyo, usiache kitu kiti cha nyuma. Boti la abiria ni bei nafuu, spidiboti ni ghali lakini haraka, vyovyote dai laifjaketi ya watoto. Ukishuka Lamu watu watakushika begi mbili mbili, mwambie mwenye nyumba aje gatini akupokee. Na siku ya kurudi boti ongea nalo jioni ya kuamkia, ili gari litoke Mokowe asubuhi asubuhi.