Upepo wa Tairi za Gari la Makazi Joto Linapobadilika

Anayeondoka Phoenix, Arizona, nchini Marekani, wakati wa joto kwa gari la makazi (gari kubwa la safari lenye mahali pa kulala) na kulala Flagstaff, mji wa jimbo hilohilo ulio zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, huenda akakuta asubuhi upepo wa tairi umepungua ingawa hakuna iliyotoboka, kwa sababu hewa ikipoa shinikizo lake hushuka. Tairi ya PSI 90 (PSI ni kipimo cha shinikizo, pauni kwa inchi ya mraba) hupoteza kama PSI 3 au 4 kila joto linaposhuka nyuzi 10 za Selsiasi.

Pima alfajiri, kabla jua halijazipiga tairi za upande mmoja na gari likiwa limesimama kwa saa tatu au zaidi, kisha ongeza upepo hadi kiwango ambacho jedwali la mtengenezaji wa tairi linaonyesha kwa uzito halisi wa kila ekseli (mhimili unaobeba magurudumu), uliopimwa kwenye mizani gari likiwa na maji, mafuta na mizigo yote. Kwenye gari lenye tairi mbilimbili kila upande wa nyuma, zile za ndani husahaulika sana, nazo zina hatari kubwa.

Safarini tairi hupata joto, na geji (kipimo cha upepo) itapanda. Usitoe upepo kamwe tairi ikiwa moto, kwani ikipoa itakuwa na upungufu, na tairi yenye upungufu hujikunja, hupata joto kupita kiasi na hatimaye hupasuka.